Kuoshwa na Mtani

Katika makazi ya wazee nilikofanya kazi kwa mkataba wa muda, nje kidogo ya mji wa Kilosa, sikuwahi kumsikia mzee akimwambia mwenzake, "Naomba unisaidie." Walikuwa na njia nyingine za kulisema hilo. Bibi aliyeshindwa kutunga uzi kwenye sindano alimfuata jirani yake na kumwambia, "Hebu tuone kama macho yako bado yanafanya kazi." Babu aliyeshindwa kuinua ndoo aliigonga kwa fimbo na kutangaza kwamba vijana wa siku hizi, yaani waliokuwa na miaka sabini, hawana nguvu. Aliyekuja kuibeba aliibeba kwa ubishi. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na nilikuwa nimesoma mengi kuhusu mshikamano. Niliwaangalia nikajiuliza kama huu ulikuwa mshikamano kweli au ni kiburi tu kilichopata kazi ya kufanya.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia msimamizi: kuwatafuta ndugu kwa simu, kuwapeleka wazee kliniki, kukaa nao. Nilipanga chumba mtaa wa Mabwerebwere, na mwisho wa mwezi nilikwenda Mikumi kwa mama yangu, ambaye anauza chakula kando ya barabara kuu. Mama hakuipenda kazi hiyo.

"Wazee wana watoto wao," aliniambia.

"Na wasio na watoto?"

"Wana ndugu."

"Na wasio na ndugu?"

"Tangu mdogo ulikuwa hivi hivi," alisema, akaendelea kumenya vitunguu.

Ninaowakumbuka zaidi ni wazee wawili waliokaa chumba kimoja. Mmoja alikuwa Msagara wa Masanze, mkulima maisha yake yote, Mwislamu, mwembamba, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono na mguu wa kushoto visivyomtii. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Aliweza kusoma maandishi madogo kwenye paketi ya dawa bila miwani. Mwenzake alikuwa Msukuma, Mkristo, aliyehamia wilaya hii na ng'ombe wake akiwa tayari mtu mzima. Ng'ombe walikwisha, mke akafa, na mwanawe aliyebaki alikuwa anachoma nyama Mikumi na kuishi kwenye chumba kimoja na watoto wanne. Mzee huyo alikuwa mkubwa wa mwili na mikono yake ilikuwa na nguvu bado, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi.

Asubuhi Msukuma alimfunga mwenzake vifungo vya shati na kumvalisha kiatu cha kushoto. Mchana Msagara alimwongoza mwenzake kwenye sahani.

"Mwiba huo, upande wa kulia."

"Siuoni kulia."

"Siyo kulia kwako. Kulia kwa samaki."

Simu ya Msukuma ilipolia, Msagara ndiye aliyeitazama na kumwambia nani anapiga. Akiwa ni yule mwana wa Mikumi, walizungumza Kisukuma kwa sauti kubwa huku Msagara akilalamika kwamba anasengenywa ndani ya chumba chake mwenyewe.

Waliitana mtani. Msukuma alieleza kwamba babu zake walipita nchi hii wakiwa wamebeba mizigo kwenda pwani, wakala kwa Wasagara, wakagombana nao, wakapatana, na tangu hapo kila mmoja ana ruhusa ya kumwambia mwenzake lolote. Niliuliza kama kuna ushahidi. Alinigeuzia uso, akaniambia ushahidi ni kwamba Msagara akiona jembe anapiga chafya.

"Na mahindi yangu yaliyoliwa na ng'ombe wako?" alijibu Msagara.

"Hawakuwa wangu."

"Ng'ombe wote ni wako. Mlishasema wenyewe."

Niliisikiliza mizaha hiyo kwa mashaka. Mahindi yalikuwa yameliwa kweli, Masanze, msimu fulani, ingawa si na ng'ombe wa mzee huyu. Watu wa vijiji hivi wamegombania malisho na mashamba kwa muda mrefu, na sikuona jinsi kicheko kinavyoweza kulitatua hilo. Pengine hakikulitatua. Wao walikuwa na sahani ya samaki ya kumaliza.

Tatizo lilianza mhudumu wa kiume alipopata kazi nyingine Morogoro akaondoka. Akabaki mama mhudumu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mchapakazi na mpole. Msagara alikataa kuogeshwa naye.

"Huyu ni sawa na binti wa kumzaa mwenyewe," aliniambia. "Wewe, msichana, ungemwogesha baba yako?"

"Akiwa mgonjwa, ndiyo."

"Baba yako angekubali?"

Baba yangu sikumfahamu vizuri kiasi cha kujua. Nilimkumbusha kwamba mjukuu na babu hutaniana, na kwamba yeye mwenyewe aliniita mjukuu, kwa hiyo ningeweza kumwogesha mimi. Alitingisha kichwa. Mjukuu anamtania babu, alisema, hamvui nguo.

Akawa anajifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye maji, kwa mkono mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Mkono huo haukufika mgongoni. Mkojo nao ulikuwa umeanza kumponyoka. Harufu ilikuja kwanza, kisha vidonda juu ya makalio, na muuguzi aliyekuja kutoka zahanati aliviona kwa shida kwa sababu mzee alikubali kufunuliwa sehemu ndogo tu. Muuguzi alisema vikiingia ndani zaidi tutajuta. Msimamizi, mwanamke asiyependa mabishano, aliamua. Kulikuwa na makazi mengine, mkoa mwingine, yenye wahudumu wa kiume. Angeongea nao, na gari lingekuja kumchukua.

Uamuzi ulikuwa wa busara na sikuweza kuupinga. Lakini mzee huyo alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, naye ndiye ndugu pekee aliyebaki. Dada huyo aliishi Masanze kwenye nyumba ya mkwewe, mume wa bintiye, ambako kaka mtu asingeweza kuhamia. Kila Ijumaa alipanda bodaboda hadi Kilosa akiwa na kibakuli kimefungwa kwa kanga: ndizi, au kunde, au wali wa nazi. Walikaa kwenye benchi la barazani, wakazungumza Kisagara polepole, wakanyamaza, wakazungumza tena. Mkoa mwingine bodaboda haifiki. Mzee alilijua hilo, na alipoambiwa kuhusu gari aliuliza swali moja tu: huko anakopelekwa ni mbali kiasi gani kutoka Masanze? Msimamizi alimwambia.

Ijumaa iliyofuata dada alikuja mapema kuliko kawaida. Aliketi na kaka yake barazani, kibakuli katikati yao, wote wawili kimya. Nilikuwa mlangoni. Msukuma alitoka chumbani akipapasa ukuta. Nadhani aliona vivuli viwili kwenye benchi na akadhani cha pili ni changu, au cha mama mhudumu. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa tayari ameshika beseni.

"Mtani!" alipaza sauti. "Unanuka kama beberu aliyenyeshewa. Inuka nikakuoshe hayo makalio yako kabla hawajakupakia kwenye gari kama gunia. Nimeosha ndama wachafu kuliko wewe."

Kama angekuwa anazungumza na mimi au na ukuta, naamini jambo lingeishia hapo, pengine kwa kicheko. Lakini mbele ya dada mwili wa kaka hautajwi. Hilo hata mimi nililijua, nami ni mtoto wa barabara kuu. Dada aliinuka. Alijifunga kanga yake upya, akashuka ngazi, akatembea hadi getini na kumwita bodaboda. Hakuaga. Kibakuli kilibaki kwenye benchi.

"Nani huyo anayeondoka?" aliuliza Msukuma.

Msagara hakumjibu. Hakumjibu siku hiyo wala zilizofuata.

Nilimfuata jioni nikamwambia kwamba mwenzake hakuona. Alisema analijua hilo. Nikasema basi alikuwa anatania, na kwenye utani hakuna kukasirika. Si ndiyo sheria yenyewe?

"Mtani akikutukana, hajakutukana," alisema. "Yule siyo mtani wangu. Msukuma ni mtani wa Mzaramo. Kaulize."

Nililiona lengo lake na nikalistahi kidogo. Angekubali kwamba ni mtani, angepoteza haki ya kukasirika. Kwa hiyo aliufuta utani wote, wa miaka yote waliyokaa pamoja, ili hasira yake iwe halali.

Nilikwenda kuuliza. Kulikuwa na bibi wa Kizaramo, mjane aliyekuja Kimamba zamani akifuatana na mume aliyefanya kazi reli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchunguza nini leo?"

Nilimwambia. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Msukuma ni wangu mimi! Wa kwetu, tangu enzi na enzi. Huyo Msagara kajipachika tu, kama kupe kwenye ng'ombe wa mwenzake."

"Una uhakika, bibi?"

"Wewe kwenu wapi?"

"Mikumi."

"Mikumi siyo kabila, mjukuu wangu. Mikumi ni kituo cha basi. Kaa kimya uelezwe."

Maneno yake yalizunguka makazi yote kabla ya chakula cha usiku, na yalisemwa kwa furaha, kwa sababu wazee wengi walikuwa hawajapata mjadala mzuri kwa muda mrefu. Babu mmoja alisema Wasukuma na Wasagara ni watani bila shaka, babu yake alimwambia. Mwingine alisema wale wabeba mizigo walikuwa Wanyamwezi. Wa tatu alisema Wanyamwezi na Wasukuma ni kitu kimoja, akaambiwa arudie kauli hiyo mbele ya Msukuma. Nilivutiwa kuliko nilivyopaswa. Hapa palikuwa na swali lenye majibu matatu na hakuna njia ya kupima hata moja. Wakati huo huo, kwenye chumba cha mwisho, mtu alikuwa amelala kwa ubavu kwa sababu mgongo ulimuuma.

Wiki hiyo niliona mambo ambayo sikuwa nimeyaona yalipokuwepo. Msagara alikuja kwenye kifungua kinywa shati limefungwa kifungo kimoja tu, tena kwenye tundu lisilo lake. Msukuma aliacha kula samaki. Alisukuma sahani akaomba maharage. Simu yake ililia kitandani, ikanyamaza, ikalia tena, na Msagara akiwa hatua chache kutoka hapo alitazama dari. Nilimsomea jina mimi mwenyewe. Alinishukuru kwa heshima kama mtu anavyomshukuru karani.

"Kwa nini usimwombe tu radhi?" nilimwuliza.

"Nikiomba radhi nimekubali kwamba nilimtukana," alisema. "Mimi sijamtukana mtu. Nilikwenda kumwosha."

Nao huo ulikuwa ni msimamo. Wote wawili walikuwa na hoja nzuri, na gari lilikuwa limepangwa Jumamosi.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Msagara alisaidiwa kuketi barazani, akaketi hadi saa za swala zikapita. Swala yenyewe alikuwa ameiacha tangu mkojo uanze kumsumbua, kwa sababu hakujiona yuko twahara. Dada hakuja. Kila pikipiki ilipopita mzee aliinua kidevu.

Msimamizi aliniita. Simu ya dada ilikuwa haipatikani, na hakutaka mzee aondoke bila ndugu yake kuambiwa. Mvua ilikuwa imepungua. Niende Masanze, nimweleze, nirudi.

Njiani dereva wa bodaboda alinihadithia kuhusu simu yake mpya, nami nikapanga maneno. Nilikuwa nimeamua kwamba dada amekasirika, kwa hiyo nilipanga kuanza na msamaha kwa niaba ya makazi. Nilimkuta uani kwa mkwewe, chini ya paa la jiko, akichambua kunde. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Simu haikuwa na chaji, alisema, umeme ulikatika tangu jana. Na mvua je, angepita wapi kwenye tope lile?

Nilimweleza kuhusu gari la kesho. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Kwani hajaoshwa?" aliuliza.

"Hajaoshwa, bibi."

"Na yule Msukuma? Si alikuja na beseni?"

Nilimwambia kwamba kaka yake aliamini yeye, dada, alikwazwa akaondoka kwa hasira, na kwamba tangu siku hiyo wazee wale hawasemezani.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua limechomoza usiku.

"Niliondoka ili aoshwe," alisema. "Ningekaa pale nikisikiliza? Mwanamume anatajwa makalio, dada yake amekaa anatumbua macho? Ningeaga vipi, nimtazame usoni? Nikaondoka upesi wafanye kazi yao. Wiki nzima najua kaka yangu ni msafi."

Nikaona nafasi na sikuweza kujizuia. Nilimwuliza kama Wasukuma kweli ni watani wa Wasagara, maana kule Kilosa wazee wamegawanyika.

"Mbona unauliza kama hakimu?" alisema. "Ananuka, hanuki?"

"Ananuka, bibi."

"Basi sikiliza. Nenda kamwambie yule Msukuma, mla viazi vikavu vya michembe, hivi, na umwambie mbele ya kaka yangu, usimnong'oneze. Mwambie: ng'ombe mia aliwaogesha kwenye josho, kaka yangu mmoja, tena mkondefu, anamshinda? Au anasubiri naye aote mkia? Mwambie mimi nimesema. Usipunguze neno."

Nilirudi nimelowa na nimejaa matope. Wazee walikuwa wamekusanyika barazani kusubiri chai, Msagara kwenye benchi lake, Msukuma upande wa pili kabisa, bibi wa Kizaramo katikati kama mstari wa mpaka. Sikuwahi kumtukana mzee maishani. Nilisimama mbele ya Msukuma, na mwili wangu ulifanya ulichofundishwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umelowa, nasikia maji yanadondoka."

"Nimetumwa nikutukane."

Bibi wa Kizaramo alisogea karibu.

"Na nani?"

"Na dada yake babu huyu. Nimetoka kwake sasa hivi."

Alinyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti. "Tukana basi," alisema. "Sauti kubwa, mimi ni mzee."

Nilisema maneno yote kama nilivyopewa. La josho nililisema vizuri. Nilipofika kwenye mkia sauti ilinipotea nikalazimika kurudia. Nyuma yangu nilisikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Msagara alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo inayofanya kazi, na chozi likimshuka upande huo.

"Dada kasema hivyo?" aliuliza. "Kasema mkia?"

"Kasema mkia, babu. Na anasema aliondoka ili uoshwe. Alidhani umeshaoshwa wiki nzima."

Alifikiri. Alimgeukia Msukuma, na Msukuma, asiyeona, alisubiri uso ukiwa umeelekea upande mwingine.

"We mwenye ng'ombe," Msagara alisema hatimaye. "Chemsha maji. Ukinimwagia ya baridi nakushitaki kwa Wazaramo."

"Lete kesi!" alisema bibi wa Kizaramo. "Nitawafunga wote wawili."

Maji yalichemshwa. Mama mhudumu aliandaa sabuni, taulo na dawa ya vidonda, akampa Msukuma kila kitu mkononi kimoja kimoja na kumwambia ni kipi. Walikwenda bafuni, mmoja akiona njia na mwingine akiwa mguu. Mlango ulifungwa.

Tulibaki nje, mimi na mama mhudumu, kwa sababu kuna mtu alipaswa kuwa karibu wakiteleza. Tulisikia maji, kisha Msagara akipiga kelele kwamba hapo siyo mgongo, Msukuma akisema kama hataki apapaswe basi aelekeze kwa hayo macho yake anayojivunia, na Msagara akimwelekeza: juu, kushoto, chini kidogo, taratibu hapo, hapo pana kidonda. Kisha kukatulia. Kisha wakaanza tena, sasa kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu wa umri ule.

"Ondoka hapa," mama mhudumu aliniambia. "Haya siyo ya kusikilizwa na mtoto. Mimi nitakaa ng'ambo ya ukumbi, wakinihitaji wataita."

Nilitamani kubaki. Nilikuwa bado sijaamua kama ule utani ulikuwepo kabla ya siku ile au uliundwa barazani, mbele yangu, na mwanamke aliyekuwa anachambua kunde Masanze. Nilidhani nikisikiliza zaidi kidogo ningejua. Lakini alikuwa amesimama akiningoja, kwa hiyo nikaondoka, nikaenda ofisini kumwambia msimamizi awapigie simu wenye gari wasije.